Kam inagonga kwenye pikipiki ya zamani: tafuta kilichoua bushi kabla hujaagiza mpya

Injini ya zamani ikianza kugonga huku juu watu wengi wanakimbilia tapeti, wakimaliza tapeti wanarukia cheni ya taimingi, cheni ikishabadilishwa na kelele bado iko palepale ndo mtu anakumbuka kumbe kamshafti (kam), ile shafti inayofungua valvu, nayo imekalia kitu. Anafungua, anakuta bushi, yani ile pete ambamo kam inazunguka, imeliwa, anaagiza nyingine, anafunga, na haichukui muda anarudi kulekule. Mi yamenikuta kwa hiyo siandiki kumcheka mtu. Bushi haijiui yenyewe, kuna kitu kimeiua, na usipokijua hicho kitu hata ukiweka ya dhahabu italiwa tu.

Kwanza jua kam yako imekalia nini

Hapa injini zinatofautiana sana, ndo maana ushauri wa mwenye pikipiki nyingine unaweza kukupoteza. Twin (silinda mbili) za zamani za Uingereza kama Triumph na BSA kam iko chini kwenye krenkesi, ile kesi ya krenki, na inazunguka ndani ya bushi za bronzi zilizoingizwa kwa kubana. Honda CB350 ya silinda mbili, ile ya 1968 mpaka 1973, haina bushi kabisa, shingo za kam, yani zile sehemu zinazokaa kwenye beringi, zinazunguka moja kwa moja ndani ya vifuniko vya aluminiamu vilivyofungwa kwa boliti ubavuni mwa hedi. Kawasaki Z1 iliyotoka 1972 ina shell nyembamba za kubadilisha, yani beringi za nusu-pete mbili, sawa na zile za konrodi. Yamaha XS650 kam yake iko juu ya beringi za gololi, na Ducati za silinda moja za zamani pia ni gololi. BMW boxer za zamani nyuma kam inazunguka ndani ya aluminiamu ya krenkesi yenyewe.

Na usisikilize anayekwambia kam kuzunguka kwenye aluminiamu tupu ni uhandisi wa bei chee. Oili ikifika, shingo inaelea juu ya utando wa oili na haigusi chuma kingine kabisa, injini za hivyo zimetembea miaka na miaka. Ubaya wake ni mmoja, siku oili isipofika hakuna kipande cha kubadilisha, umeumiza hedi nzima.

Umerekebisha tapeti, kesho namba zimebadilika

Hii ndo dalili ya mapema kuliko zote na wengi wanaipuuza. Unapima gepu la tapeti na fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia, unapata milimita 0.05, unafunga, unazungusha injini mizunguko miwili unapima tena unapata 0.10, unadhani mkono wako ndo mbaya. Mkono wako mzima. Kam ina nafasi ya kupanda na kushuka ndani ya beringi, kwa hiyo inategemea imesimama wapi wakati unapima.

Kuthibitisha, toa plagi ili injini izunguke bila kupambana na kompresheni, peleka kam mahali ambapo hakuna valvu inayosukumwa, alafu shika kam kwa vidole isukume juu chini. Kwa injini za kam ya juu unaweza kuweka daya geji (saa ya kupimia mchezo) juu ya shingo au karibu nayo ukasoma kabisa. Ukisikia ile "tok" ndogo ya chuma kugonga chuma ujue huo si utando wa oili tena. Ila ukisukuma kulia kushoto, yani kwa urefu wa kam, mchezo kidogo lazima uwepo, huo ni wa kawaida, ukizidi unatafuta sahani ya kuzuia kam isitembee na siyo bushi. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku.

Taimingi inarukaruka

Kama pointi zako zinaendeshwa na ncha ya kam, mfano Honda CB350, XS650, au Triumph 650 za kuanzia 1963 ambazo pointi ziko mwisho wa kam ya egzosti, basi una kipimo cha bure kabisa. Fungua kava ya pointi, zungusha injini mpaka pointi zifunguke mwisho, weka fila geji ya saizi inayopita kwa kukwaruza kidogo tu. Sasa iache geji humo humo, kwa kidole gumba sukuma ncha ya shafti kuelekea kwenye pointi alafu vuta upande wa pili. Kwenye injini nzima geji inabaki na ule mkwaruzo uleule. Kwenye injini iliyoliwa, ukisukuma geji inabaki inaning'inia, ukivuta inabanwa haitoki. Niliwahi kuona gepu ikitoka 0.35 ikafika 0.50 kwa kusukuma na kidole tu, na mwenye pikipiki alikuwa ameshabadilisha kondensa, koili na waya za plagi akitafuta kwa nini silensa, ule mzunguko wa injini bila kupewa mafuta, haitulii.

Ukiweka taa ya taimingi alama haikai sehemu moja, inacheza kama taswira kwenye maji. Tahadhari moja, mashine ya advansi, ile inayowahisha cheche mzunguko ukipanda, ikiwa na springi zilizolegea inaleta dalili inayofanana, kwa hiyo cheki springi na visahani vyake kwanza maana hiyo ni kazi ya dakika tano. Kama dalili imekuja pamoja na oili ndani ya kava ya pointi basi karibu uhakika ni beringi, shafti ikiyumba inaila sili, na ukibadilisha sili peke yake itavuja tena.

Presha ya oili inaanguka injini ikipata moto

Hapa twende polepole. Beringi ya kam iliyopanuka ni tundu la kuvujisha oili, oili inakimbilia njia rahisi. Asubuhi oili nzito inaficha ugonjwa, ikishapata moto ikawa nyepesi geji inalala. Lakini kabla hujailaumu kam, jua injini yako imeundwaje. Z1 na Suzuki GS750 krenki zao ziko juu ya rola, mfumo wao wa oili ni wa presha ndogo tangu kiwandani, kwa hiyo ukifunga geji ya injini yenye beringi za shell ukategemea namba kubwa utajitisha bure. Na kwenye injini yenye krenki ya shell, beringi za konrodi na pampu yenyewe ndo washukiwa wa kwanza, kam ni wa tatu.

Kitu kinang'aa kwenye oili

Mimina oili kupitia kitambaa cheupe, suuza mabaki na petroli, alafu angalia kwenye jua. Rangi ya dhahabu ni bronzi. Kijivu laini kinachobonyea ukikikuna na kucha ni shell. Cha fedha, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, kinachoruka kuifuata ni chuma, yani lobu (kile kinundu cha kam kinachosukuma valvu), tapeti, gia au cheni. Kinachobaki bila kujali sumaku ni aluminiamu, na ukitaka uhakika weka chembe kidogo kwenye maji ya kostiki soda, aluminiamu inachemka mapovu na kuyeyuka, bronzi haifanyi kitu. Vaa glavu na miwani na fanyia nje, kostiki haina urafiki na jicho.

Ngurumo badala ya kugonga

Hii ni ya waliokalia gololi. Sauti yake ni kama gari linapita kwenye changarawe kwa mbali, inapanda na mzunguko wa kam ambao ni nusu ya krenki. Sababu kubwa ni kutu, pikipiki ilikaa miaka kumi kwenye banda, unyevu ukatoboa njia ya gololi palepale gololi ziliposimama. Osha beringi kwa petroli, kausha bila kuizungusha kwa upepo wa kompresa, tia tone la oili nyepesi, izungushe taratibu kwa kidole. Ukihisi chembe, tupa. Hakuna kujadiliana na beringi ya gololi. Mpya ziwe za wazi, na ukipata zenye sili toa sili zote mbili ili oili ya injini ipite, grisi ya kiwandani haina kazi humo.

Kam inakaza ukifunga kepu

Kepu za kam, vile vifuniko vinavyoibana kam kwa juu, na hedi vimechongwa pamoja vikiwa vimefungwa, ndo maana zina namba na mishale. Kepu ya hedi nyingine hata kama ni modeli ileile haiendi, ikienda ni bahati. Kwa hiyo kam ikikaza baada ya kufunga, kwanza angalia namba na mwelekeo, pili toa uchafu na rangi chini ya kepu, tatu ilaze kam juu ya vii bloku (vitalu vyenye mfereji wa V) uipime kama imepinda. Na unapofunga zungusha boliti kidogokidogo kwa zamu, maana pale ambapo lobu inasukuma valvu upande mmoja unanyanyuka, ukikaza boliti ya upande huo peke yake mpaka mwisho kepu inapasuka, na ndo hapo unaanza kutafuta hedi nzima kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa kiberiti.

Umeshafungua, sasa soma alama

Hii ndo sehemu ninayotaka uitilie maanani kuliko zote, usiifute kwa msasa kabla hujaiangalia.

Jiulize nguvu inasukuma wapi. Kam ya chini yenye pushrodi inasukuma tapeti juu, kwa hiyo yenyewe inakandamizwa chini, bushi inaliwa upande wa chini. Kam moja ya juu yenye roka juu yake, kama CB350, nayo inakandamizwa chini kwenye hedi, na cheni inaivuta hukohuko. Kam mbili za juu zinazosukuma vikombe vya valvu ni kinyume, springi zinairudisha juu kwa hiyo kepu ndo zinaumia kwanza. Sasa ukikuta upande uliotegemewa umeng'aa taratibu, laini kama kioo, huo ni uzee, hauna mkosaji. Ukikuta upande usiotegemewa ndo umeliwa, kuna kitu kinavuta kam, mara nyingi cheni iliyokazwa mno na mtu aliyetaka kuondoa kelele.

Ukikuta beringi ya kulia imeliwa juu na ya kushoto imeliwa chini, kwenye kingo, bushi haziko kwenye mstari mmoja au kam imepinda.

Ukikuta chuma kimepakwa kama siagi kwenye mkate, kimevutwa na kushikana na shingo, hiyo ni kiu, oili haikufika. Tafuta tundu lililoziba. Silikoni iliyopakwa kwa wingi kwenye gasketi inaminyika kuelekea ndani, inakatika kama mnyoo na kwenda kukaa kwenye tundu la milimita mbili. Oringi iliyosahaulika kwenye njia ya oili inayopanda kwenye hedi nayo inafanya hivyohivyo. Na kwa bushi mpya kabisa iliyokufa haraka, angalia kama tundu la oili la bushi limelingana na tundu la kesi, mtu akiizungusha nyuzi chache wakati wa kuingiza imekwisha hiyo.

Na ukikuta mikwaruzo mizunguko mizima kama sahani ya santuri, hiyo ni uchafu. Hapa ndo yaliponikuta mimi. Nilisafisha hedi kwa kupuliza vijishanga vya kioo, ikatoka nzuri mpaka nikaipiga picha, nikaosha kwa maji ya sabuni, nikapuliza upepo, nikafunga. Baada ya kama kilomita mia tatu kam ikaanza kugonga. Nikafungua nikakuta shingo zote zina mistari na aluminiamu imekuwa ya kijivu isiyong'aa. Nikachukua waya wa breki wa baiskeli nikauingiza kwenye njia ya oili, ukatoka na unga mweupe uliogandiana na oili, nikausugua kati ya kucha mbili ukawa unakwaruza kama sukari. Vile vishanga vilijificha nyuma ya plagi ya njia ya oili ambayo sikuitoa kwa sababu ilikuwa imekaza. Tangu siku hiyo sipulizi kitu chochote chenye njia ya oili kabla sijatoa plagi zote, na nikipuliza, naosha kwa brashi ndefu, maji moto, brashi tena, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Kwa sababu hiyohiyo usije ukajaribu kulainisha beringi ya kam kwa grisi ya kusagia valvu. Chembe zake zinazama kwenye chuma laini na kubaki humo, unakuwa umetengeneza msasa unaozunguka na kam milele.

Kupima

Shingo pima na maikromita sehemu mbili kwa kuvuka, maana shingo inaweza kuwa yai. Tundu pima na geji ya ndani, juu-chini na kushoto-kulia. Plastigauge, ule uzi laini wa plastiki unaobonyea, ni nzuri kwa beringi zenye kepu, unalaza uzi mkavu bila oili, unafunga kwa toki sahihi, huzungushi kam hata kidogo, unafungua unasoma upana. Kwa bushi nzima ya mviringo haifanyi kazi, na CB350 yenye vifuniko vya ubavuni pia haifanyi kazi, hapo ni maikromita tu.

Namba za modeli yako zichukue kwenye kitabu cha huduma. Kama huna kabisa, kwa shingo ya milimita 25 klirensi (nafasi kati ya shingo na tundu) ya 0.025 mpaka 0.05 ni mahali pazuri pa kuanzia, na ukishaona 0.15 acha kujifariji. Na shingo ikiwa na mistari inayoshika kucha, bushi mpya italiwa na hiyo shingo, kwa hiyo kam nayo iende kusagwa na bushi itengenezwe ndogo kuifuata.

Bushi ya nini sasa?

Watu wanadhani ngumu ndo bora. Kwenye bushi ni kinyume, unataka kitu kinachokufa kabla ya kam.

Kwa kazi nyingi za kam mi nachagua bronzi yenye risasi, ile wanayoiita SAE 660, shaba asilimia 83, bati 7, risasi 7 na zinki 3. Ile risasi inapakaa kidogo pale injini inapowaka kavu asubuhi, na inasamehe shingo isiyo ngumu sana. Bronzi ya fosfora, shaba na bati kama asilimia 10, ni imara zaidi na inavumilia kugongwa, lakini inadai oili ya uhakika. Bronzi ya unga uliokandamizwa, ile yenye vinyweleo, inabeba oili karibu sehemu ya tano ya ujazo wake, nzuri sana mahali ambapo oili inafika kwa kurushwa tu, ila ukiipiga rima (kifaa cha kusawazisha tundu) butu unaziba vinyweleo vyote na imebaki bushi ya kawaida tena dhaifu. Iloweke kwenye oili kabla ya kufunga. Bronzi ya aluminiamu iache kwa wenye shafti iliyokolezwa ugumu, kwenye kam ya kasti (chuma cha kumimina) inakula shingo. Na shaba njano ya mabomba, tafadhali, hapana.

Shell za metali nyeupe ni ukoo wa ile aloi ya bati, antimoni na shaba aliyoipatia Isaac Babbitt hataza huko Marekani 1839, laini kiasi cha kumeza chembe ya uchafu ikazama badala ya kukwaruza. Kama injini yako ilikuja na shell, baki na shell.

Wengine wanataka kuchonga hedi ya aluminiamu waweke beringi za nidle, zile za vifimbo vyembamba. Inawezekana, lakini nidle zinataka zizunguke juu ya chuma chenye ugumu wa HRC 58 (kipimo cha Rockwell) kwenda juu, shingo ya kam ya kasti haifiki huko, inabidi uvishe pete ya ndani, na hapo hedi inaanza kukosa nyama. Kuchonga vifuniko na kuvisha bushi ya bronzi kwa fundi wa kukereza anayejua ni njia fupi na inarudi nyuma ukikosea.

Kubana nako kuna hesabu. Aluminiamu inatanuka kuliko bronzi, tundu la milimita 25 likipanda joto nyuzi 80 linaongezeka kama 0.046, bronzi ya saizi hiyohiyo kama 0.036, yani umepoteza 0.01 ya ule mbano. Ukiingiza bushi kwa 0.05 bado imeshika, ukiingiza kwa 0.015 imebaki kwa maombi. Bushi iliyokuwa inazunguka ndani ya kesi utaijua, mgongo wake unang'aa na tundu la kesi lina weusi. Usipige vidoti na senta panchi ili ibane, hiyo inashika kwenye vilele tu. Chonga tundu liwe mviringo tena, tengeneza bushi ya mgongo mnene, na kama nafasi ipo weka pini.

Kuingiza, pasha kesi mpaka nyuzi 120 hivi kwenye oveni, bushi iwe imelala kwenye friza, inateleza bila nyundo. Ikishapoa tundu la ndani linakuwa limepungua, kwa hiyo rima ya mwisho inapigwa baada ya kuingiza, na ipite bushi zote mbili kwa mkupuo mmoja kesi zikiwa zimefungwa pamoja. Ukipiga moja moja ndo unapata ule uchakavu wa kingo niliousema.

Siku ya kuwasha

Paka shingo na lobu grisi ya kufungia injini, jaza filta oili, toa plagi, piga kiki au zungusha na stata mpaka uone oili inarudi kwenye tangi au inachuruzika kwenye roka. Kwa macho yako, sio kwa kukadiria. Ikichelewa, legeza boliti ya bomba la oili linaloenda juu, subiri ichuruzike, kaza. Washa, usiiache silensa ndogo dakika za mwanzo, ipe mzunguko wa wastani maana lobu mpya zinategemea oili ya kurushwa.

Baada ya kilomita 100 mwaga oili kupitia kile kitambaa cheupe, alafu pima tapeti injini ikiwa baridi mara tatu, kila mara ukizungusha kam katikati. Andika namba zote tatu ukutani. Zikitofautiana zaidi ya 0.02, fungua tena kabla hujaenda popote.